Kivuli Kilichogeukia Kusini

Ofisi ya Msimamizi wa Shule,
Nyamira,
18 Desemba, 1951.

Kwa Mwalimu Mkuu Walter Opondo,
Shule ya Misheni, Birongo.

Mwalimu,

Matokeo ya mtihani wa kuingia shule za bweni yametoka. Wavulana wako watano wamepita, kwa kuwa shule zao hupokea kuanzia alama sitini. Msichana wako mmoja, Jemimah Mokeira, binti wa Bwana Ongeri mwenye duka Keroka, ameanguka. Shule ya wasichana haipokei chini ya themanini, naye ana sabini na sita.

Katika hesabu na Kiswahili hakuna aliyemshinda. Jiografia ndiyo iliyomwangusha. Swali la saba liliuliza kivuli cha mti huangukia upande gani saa sita mchana. Jibu ni kaskazini. Yeye ameandika: "Inategemea mwezi." Swali la nane liliuliza mwezi wenye mchana mrefu kuliko yote. Jibu ni Juni. Ameandika: "Kwetu hakuna." Swali la tisa liliuliza kwa nini majira ya joto huja. Jibu ni kwamba dunia hulikaribia jua. Ameandika habari za mhimili ulioinama. Kila swali lilikuwa na alama mbili, na zote sita amezikosa.

Wanafunzi wako wote sita wameandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Kwa hiyo kosa si lao. Naomba unieleze ulifundisha kutoka kitabu gani.

Nyamweya,
Msimamizi wa Shule.


Birongo,
22 Desemba, 1951.

Bwana Msimamizi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu.

Umeuliza kitabu. Kitabu changu ni fito ya futi sita iliyosimama katikati ya uwanja wa shule. Nimetoka kuitazama sasa hivi. Leo kivuli chake kilikuwa kifupi kuliko vyote saa sita na dakika ishirini na nne, kwa saa ya Serikali, ambayo hapa kwetu hulitangulia jua karibu nusu saa. Urefu wake ulikuwa futi mbili na inchi sita, nacho kiliangukia kaskazini, kuelekea ofisini kwako. Juni kitakuwa kimekupa mgongo na kuelekea kusini. Machi na Septemba zipo siku ambazo nusura kipotee chini ya fito. Watoto wangu wamekipima kila Jumatatu kwa miaka miwili, na vigingi vyao viko uwanjani. Njoo uvihesabu.

Kitabu ulimonakili majibu yako kiliandikwa Uingereza, na kuhusu kivuli na mchana aliyekiandika hakudanganya. Kwake jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, hivyo kivuli chake hakina budi kuelekea kaskazini. Kosa si lake. Kosa ni la mtu aliyekaa Nyamira akamwamini kuhusu mti ulio nje ya dirisha lake mwenyewe.

Kuhusu joto, nitakueleza kama nilivyowaeleza watoto. Nilichukua chungwa, nikalichoma spoki ya baiskeli katikati, nikafunga madirisha, nikawasha karabai juu ya meza. Nilipolizungusha chungwa kwenye spoki yake, upande mmoja uliingia mwangani na mwingine gizani. Huo ndio mchana na usiku. Kisha nililichukua nikaizunguka meza yote, spoki ikiwa imeinama, na ncha yake ya juu ikielekea ukuta wa ramani bila kubadilika. Nilipokuwa upande mmoja wa meza, ncha ile iliinamia taa. Nilipofika upande wa pili, ilikwepa taa. Majira ya Mwingereza hutoka hapo, katika kule kuinama. Kama joto lingeletwa na dunia kulikaribia jua, dunia nzima ingepata joto mwezi mmoja, na Krismasi ya kusini isingekuwa ya jua kali wakati ya kaskazini ni ya theluji.

Sisi tuko kiunoni mwa chungwa. Mchana wetu na usiku wetu hulingana, isipokuwa dakika chache, Juni kama Desemba. Majira yetu ni ya mvua na ukavu. Jemimah ameandika ukweli mara tatu, na mara tatu umemkata.

Sahihisha karatasi ya majibu, kisha umrudishie msichana alama zake.

Walter Opondo,
Mwalimu Mkuu.


Nyamira,
27 Desemba, 1951.

Mwalimu Opondo,

Barua hii naiandika kwa mkono, si kwa mashine ya ofisi, ili isiingie faili.

Mwaka wa 1929, nikiwa darasani kwako, ulinichapa viboko vinne kwa sababu nilijibu "nadhani." Basi leo sisemi nadhani. Karatasi ya majibu haibadiliki. Watoto kumi na mmoja wa shule nyingine wamepita ukingoni kabisa kwa alama hizo hizo sita. Nikisema majibu yalikuwa na makosa, wote wanarudi nyumbani. Wazazi wao wameshachinja kuku. Je, nikawaambie nini? Kwamba fito ya Birongo imesema?

Iko njia moja. Kanuni ya halmashauri yetu inasema mwanafunzi aliyepotoshwa na mwalimu wake anaweza kusamehewa alama alizokosa kwa upotovu huo. Andika karatasi ukiri kwamba uliwafundisha vibaya. Jemimah atapata themanini na mbili, na Januari atakwenda bweni. Mwisho ni tarehe 10.

Sitakuficha. Mwalimu mkuu anayekiri hivyo hawezi kubaki mkuu.

Najua wewe ni mtu mgumu. Lakini hesabu mwenyewe: ni heshima ya mzee mmoja kwa maisha ya msichana mmoja.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Nyamweya.


Keroka,
2 Januari, 1952.

Kwa Mwalimu wangu,

Salamu. Naandika nikiwa nyuma ya duka la baba, juu ya gunia la chumvi, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Jana Bwana Msimamizi alifika hapa akanywa chai, akamweleza baba habari ya karatasi unayotakiwa kuitia sahihi. Hukuniambia. Baba alifurahi. Alisema, "Mwalimu akiandika, unakwenda. Asipoandika, unakaa hapa unipimie sukari. Ni jambo la kalamu tu."

Nikamwambia, "Baba, ni jambo la uongo."

"Uongo mara moja, Mokeira. Shule ni miaka minne."

Bibi Bonareri alikuwa mlangoni akipepeta wimbi, akauliza kwa Kigusii tunagombania nini. Nilipomweleza, aliweka ungo chini. "Wanabisha kwamba jua huhama?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi hupanda wimbi jua likianza kuchomoza kwenye mwanya wa kile kilima. Likipita mwanya, nimechelewa. Kama lingechomoza mahali pamoja mwaka mzima, mngekula nini? Wewe Nyamweya, mama yako hakukupeleka shamba?"

Bwana Msimamizi akasema kwa adabu, "Mama, mambo ya mtihani ni mengine."

"Basi mtihani wenu una jua lake. Liwashieni moto, lisije likawagandisha."

Baba alimtuliza, lakini mgeni hakumaliza chai.

Mwalimu, usitie sahihi. Miaka miwili ulitufanya tusimame uwanjani hata siku za mawingu, tukingoja jua litoke kidogo tu. Siku moja nilikisia urefu wa kivuli kwa kuwa nilikuwa na njaa, ukafuta karatasi yangu yote ya mwezi ule. Ulisema anayekisia mara moja hajui tena siku alizopima. Sasa wataka kukisia kwa ajili yangu? Sitaki bweni la namna hiyo. Nitapima sukari.

Na nikikosa nafasi, nimekosa mimi. Wewe hukukosa.

Mwanafunzi wako,
Jemimah Mokeira.


Birongo,
4 Januari, 1952.

Binti yangu Jemimah,

Barua yako nimeipata. Mwandiko ni mbaya, gunia au si gunia.

Haifai kumwandikia mwalimu wako ukimwamuru. Hata hivyo, tulia. Sitatia sahihi karatasi yoyote. Nimewaandikia wakubwa kuomba majibu yako yahesabiwe upya, nami nina matumaini makubwa. Wakikuita, nenda bila maswali. Tayarisha sanduku lako, blanketi mbili, na kamusi niliyokupa. Mwambie bibi yako kwamba shule ya Birongo inamsalimu kwa heshima.

Usiache kusoma kwa sababu ya hasira. Hasira ni kazi ya watu wenye nafasi.

Mwalimu wako,
Walter Opondo.


Birongo,
4 Januari, 1952.

Kwa Msimamizi wa Shule, Nyamira.

Mimi, Walter Opondo, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Misheni, Birongo, nakiri kwamba niliwafundisha wanafunzi wangu uongo katika mambo yaliyoulizwa na swali la saba, la nane na la tisa. Kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini siku zote. Mchana wa Juni ni mrefu kuliko mingine. Joto huja dunia inapolikaribia jua. Naomba Jemimah Mokeira asiadhibiwe kwa kosa langu.

Walter Opondo.

Bwana Nyamweya, karatasi ndiyo hiyo. Jambo moja tu nakuomba: msichana asijue.


Nyamira,
16 Januari, 1952.

Mwalimu Opondo,

Halmashauri imekubali. Jemimah amepewa alama themanini na mbili, naye ameitwa bweni.

Kuanzia Februari wewe si Mwalimu Mkuu. Utabaki hapo Birongo, ufundishe darasa la kwanza kusoma na kuandika. Jiografia hutaigusa. Fito iondolewe uwanjani, maana wazazi wanauliza.

Nyamweya,
Msimamizi wa Shule.


Shule ya Bweni ya Wasichana,
22 Juni, 1952.

Mwalimu Opondo,

Sianzi kwa salamu.

Ijumaa Mwalimu Tryphosa, anayetufundisha jiografia, alisema darasani kwamba kivuli cha saa sita huelekea kaskazini. Nilinyoosha mkono, nikasema mwezi huu kinaelekea kusini. Akaniambia, "Jemimah, hilo limeshakwisha. Hata aliyekufundisha amelikana." Nikasema hajalikana. Akaenda ofisini, akarudi na karatasi iliyokuja pamoja na majina yetu, akaisoma mbele ya wasichana ishirini na nane. Sahihi ile naijua. Nimeiona kwenye daftari zangu zote.

Usiku ule sikulia. Nilihesabu. Themanini na mbili ukitoa sita ni sabini na sita. Ni zile zile.

Jana, Jumamosi, tulikuwa tukifyeka nyasi. Karibu na saa sita na nusu nilimwendea Mwalimu Tryphosa, nikamwomba asimame palepale alipo kwa dakika moja.

"Nisimame kwa nini?"

"Nitazame kivuli chako, Mwalimu."

Wasichana waliacha mafyekeo. Kivuli chake kilikuwa mbele ya viatu vyake, naye aliyapa mabweni kisogo, na mabweni yako kaskazini. Akageuka huku na huku, kama mtu anayetafuta nyuki mgongoni. Mmoja akasema, "Mwalimu, ukigeuka hakigeuki!" Tukacheka sote. Mwalimu Tryphosa hakukasirika. Alisema polepole, "Nimezaliwa kando ya ziwa. Nimetembea na kivuli hiki miaka thelathini, wala sikukiuliza chochote." Nikadhani tumeshinda. Kisha akasema, "Lakini kwenye mtihani andikeni kaskazini."

Kwa hiyo naondoka. Siwezi kulala kwenye kitanda kilichonunuliwa kwa karatasi ile. Ulisema hutatia sahihi. Nilikuamini kuliko nilivyoliamini jua lenyewe.

Jemimah Mokeira.


Birongo,
25 Juni, 1952.

Jemimah,

Kaa hapo ulipo. Hiyo ni amri.

Nilidanganya mara mbili siku moja: mara moja kwao na mara moja kwako. Ya kwanza haikuniuma, kwa sababu jua halisomi karatasi za Nyamira. Lilichomoza kesho yake pale pale lilipopaswa. Ya pili imeniuma kila siku.

Nilifanya hivyo nikijua. Mimi nina miaka hamsini na saba. Ninachokijua hakuna awezaye kuniondolea kwa kunishusha darasa. Wewe una miaka kumi na sita, na mlango ulikuwa mmoja. Ningefanya nini? Nikuache upime sukari ili mimi niitwe mkweli? Huo nao ungekuwa ukatili uliovaa nguo safi.

Ukiondoka, nimelipa bure. Kaa, usome, uwe mwalimu, uje uiandike karatasi ya majibu wewe mwenyewe.

Walter Opondo.


Keroka,
30 Juni, 1952.

Kwa Bwana Msimamizi wa Shule, Nyamira.

Bwana,

Mimi ni Jemimah Mokeira Ongeri. Nimeondoka bweni kwa hiari yangu, wala sikufukuzwa. Barua ya Mwalimu Opondo ya kunikataza ilinifuata huku nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nazirudisha alama sita nilizosamehewa. Sikupotoshwa na mtu yeyote, kwa hiyo hapana wa kunisamehe. Naomba jina langu liandikwe tena kwa mtihani wa Novemba, pamoja na wanafunzi wa mwaka huu. Baba hasemi nami tangu nirudi. Bibi yangu anasema niandike kwamba yeye ndiye mzazi wangu kwa jambo hili, na kidole chake cha gumba kiko hapa chini kwa wino.

Ukiniuliza tena kuhusu kivuli, nitajibu kama nilivyojibu.

Jemimah Mokeira.


Nyamira,
11 Desemba, 1952.

Mwalimu Opondo,

Hii nayo ni ya mkono.

Maswali ya mwaka huu yalibadilika, isipokuwa matatu unayoyajua. Halmashauri iliyarudisha kwa makusudi, ili kuona kama watoto wa Birongo wamenyooka. Majibu yalibaki yale yale. Jemimah ameandika yale aliyoandika mwaka jana, na chini ya swali la saba ameongeza urefu wa kivuli cha Juni kwa inchi. Nilimkata alama sita kwa mkono wangu. Kalamu ilikuwa nzito, lakini nilikata.

Katika karatasi zote zilizosalia hakukosa ila sita nyingine. Amepata themanini na nane.

Jumanne alikuja ofisini akiwa na bibi yake. Hakukaa nilipompa kiti.

"Umezikata zile sita?" aliuliza.

"Nimezikata."

"Zote?"

"Zote, Jemimah. Sheria ni sheria."

"Vizuri. Basi hizi themanini na nane ni zangu."

Bibi yake akauliza kwa Kigusii kama mimi ndiye yule aliyeacha chai. Nikasema ndimi. Akasema, "Ungeimaliza. Ilikuwa ya kweli."

Atakwenda bweni Januari. Hakuna awezaye kumzuia, hata mimi, wala sitaki.

Nitakuambia jambo ambalo sitaliandika penginepo. Juni nilitoka nje, nikasimama karibu na mlingoti wa bendera saa sita na nusu. Niliona. Nilirudi ndani nikafunga dirisha. Mwalimu, nina wakubwa, nina watoto saba, na wale kumi na mmoja wa mwaka jana wanasoma vizuri. Unihukumu utakavyo.

Sasa ile karatasi yako ya tarehe 4 Januari haina kazi tena. Msichana haitegemei tena. Naweza kuitoa failini nikaichana, kimya kimya, na baada ya mwaka mmoja au miwili nikuombee kurudi kwenye ukuu. Nijibu, nifanye hivyo?

Nyamweya.


Birongo,
15 Desemba, 1952.

Bwana Msimamizi,

Usiichane.

Ukiichana utakuwa umenifichia uongo, nami sikukufundisha kuficha. Iache failini ilipo, na juu yake uweke barua hii, ambayo naiandika kwa wino usiofutika na kwa akili timamu.

Tarehe 4 Januari, 1952, mimi Walter Opondo niliandika uongo na kuutia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono. Niliyowafundisha wanafunzi wangu kuhusu kivuli, kuhusu urefu wa mchana na kuhusu kuinama kwa dunia yalikuwa kweli nilipoyafundisha, yalikuwa kweli siku niliyoyakana, na yalikuwa kweli siku ulipofunga dirisha. Naomba halmashauri iniadhibu kwa karatasi ile. Mwalimu aliyetia sahihi jambo analojua si kweli hastahili kuwa mkuu, kwa hiyo ukuu siuombi, wala usiniombee. Lakini adhabu hiyo iandikwe kwa jina lake. Iandikwe kwamba nimeshushwa kwa kudanganya, isiandikwe kwamba nimeshushwa kwa kufundisha.

Jemimah alipita hapa jana. Hakunipa mkono mpaka nilipomwonyesha nakala ya barua hii. Aliisoma yote akiwa amesimama, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akasema, "Sasa shikamoo, Mwalimu."

Februari nitaanza na darasa la kwanza jipya, watoto arobaini na wawili. Umenikataza jiografia. Nakuarifu mapema, ili usiseme hukujua, kwamba siku ya kwanza nitawatoa nje saa sita, kila mmoja asimame juu ya kivuli chake, aniambie kinaelekea wapi. Bado hawajui kuandika, kwa hiyo hutapata karatasi zao za kukata.

Walter Opondo,
Mwalimu wa darasa la kwanza.